Kikundi Kizima, Simu Moja

Kikundi chetu cha kufa na kuzikana kina mahema mawili, masufuria ya kupikia pilau ya msiba, viti vya plastiki ambavyo hupungua kila baada ya maziko, na sasa kina programu ya kompyuta. Mahema tuliyavutania vikao kwa vikao. Masufuria yaliundiwa kamati ndogo. Programu imeingia bila hoja wala mjadala kwa sababu aliyeileta ni mpwa wangu, amemaliza chuo, hana kazi, na alisema ni ya bure. Neno bure likitajwa kwenye kikao chetu, hata mjumbe aliyesinzia huunga mkono.

Mimi ni katibu. Katibu wa kikundi cha mtaani hulaumiwa kwa mambo mawili, aliyoyaandika na asiyoyaandika. Sasa nimeongezewa la tatu, yaliyoandikwa na kompyuta.

Mwenyekiti alitaka orodha mpya ya wanachama na simu zao. Nikaichapisha, nikaigawa. Ukumbi ukawa kimya. Mama Mhazini akavua miwani, akaifuta kwa pindo la khanga, akaivaa tena.

"Katibu," akasema, "mbona mimi na marehemu fundi cherehani tuna simu moja?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kila mwanachama, kuanzia mwenyekiti mpaka wale tuliokwisha kuwazika, alikuwa na namba ileile: 2147483647. Mtu wa viti vya nyuma akanong'ona, kwa sauti iliyofika mbele, kwamba huenda ndiyo laini mpya ya katibu ya kupokelea rambirambi. Nikapiga hapohapo, spika ikiwa wazi, wajumbe wote wakisikia. Yule dada wa kwenye mtandao akatujulisha kwamba namba tuliyopiga si sahihi. Mwenyekiti akamjibu kwamba hilo tunalijua.

Mpwa akaitwa. Akaja na kompyuta yake kwapani, akatoa shikamoo ya jumla, akatazama orodha, akacheka. Kicheko hicho sijamsamehe.

"Mjomba, namba zenu hazikupotea. Zimefika mwisho."

"Mwisho wa nini?"

"Mwisho wa namba."

Nimeishi mjini kiasi cha kuzoea mwisho wa mwezi, mwisho wa lami na mwisho wa uvumilivu wa mwenye nyumba. Mwisho wa namba nilikuwa sijaletewa.

Ikabidi aeleze, nami nikaandika kwenye muhtasari maana ndiyo kazi yangu. Kompyuta, kwa akili zake zote, inajua sifuri na moja tu. Kwa mazoea ya miaka mingi, mafundi huitengea namba nzima nafasi 32. Ni daladala yenye viti 32, akasema mpwa, akijua anaongea na nani. Kiti kimoja ni cha konda, ambaye kazi yake ni kutangaza kama namba ni chanya au hasi. Vinabaki viti 31 vya abiria. Abiria wa kwanza ana thamani ya 1, wa pili 2, wa tatu 4, wa nne 8, kila mmoja mara mbili ya aliyemtangulia, mpaka wa 31 mwenye thamani ya 1,073,741,824. Wakikaa wote, jumla yao ni 2,147,483,647. Yaani bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Hapo gari limejaa. Hakuna kusimama, hakuna kuning'inia mlangoni, hakuna "sogea nyuma, nyuma kuna nafasi". Gari limejaa na kila mtu anakubali kwamba limejaa. Nikajua hapohapo kwamba mtambo huu haukubuniwa na mtu wa Dar es Salaam.

Sasa chukua namba ya simu ya Tanzania uiandike kamili, na 255 mbele, kama fomu ya mpwa ilivyotulazimisha. Ina tarakimu 12. Kompyuta haioni simu pale, inaona bilioni mia mbili hamsini na tano na ushee. Ziko programu ambazo zikiletewa mzigo wa namna hiyo hugoma na kupiga kelele. Nyingine hazina ustaarabu huo: hupokea, hunyamaza, kisha huandika ile kubwa kuliko zote zinazoijua. Yetu ni ya kundi la pili. Mkenya na 254 yake, Mganda na 256, shangazi yetu aliyeko Muscat na 968, wote wangeangukia palepale. Ni umoja ambao jumuiya zetu za kikanda zimeusaka kwa mikutano na posho bila kuupata. Ukiandika kienyeji, ukaanza na 0, namba inaingia vizuri, ila sifuri inaliwa njiani. Na kwa kuwa huko Marekani namba ya tarakimu 10 inayoanza na 214 ni ya Dallas, Texas, karatasi yangu ilionyesha kwamba mtaa mzima umehamia Dallas, marehemu wakiwemo, bila hata mmoja kupanga foleni ya viza.

Mtu mwingine angeishia hapo, arekebishiwe orodha, aendelee na maisha. Mimi nilitaka kujua wa kumlalamikia. Nikaanza kuichimba namba hii nikiamini imebuniwa na mafundi wa kompyuta, watu walio hai, wenye anwani. Kumbe ilikuwa maarufu hata kabla umeme haujafika mijini. Na ina kiburi cha kuzaliwa nacho.

Tuseme mfadhili fulani, Mungu amrehemu mapema, anakiachia kikundi chetu shilingi 2,147,483,647, tugawane sawa kwa shilingi nzima, bila hata moja kubaki. Tukiwa wawili, haigawanyiki. Watatu, haigawanyiki. Saba, kumi na tisa, mia tano, elfu tisini, haigawanyiki. Ziko njia mbili tu: wapewe watu 2,147,483,647 shilingi moja moja, au apewe mtu mmoja zote. Namfahamu mwenyekiti wetu. Namfahamu na hoja atakayoileta.

Ndiyo maana ya namba tasa, ile tuliyofundishwa shuleni kwa mifano ya 2, 3, 5 na 7, kisha mwalimu akafuta ubao. Lakini kusema 7 ni tasa ni kazi ya vidole. Kusema hivyo kuhusu namba ya bilioni mbili kunahitaji ushahidi, na watu walianza kusema kabla ya ushahidi kupatikana. Mwitaliano Cataldi, aliyethibitisha mwaka 1588 kwamba 524,287 ni tasa, alidai na hii nayo ni tasa, ila katika pumzi hiyohiyo akataja na nyingine zilizokuja kugunduliwa zina vigawo. Mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, akaiweka kwenye orodha yake ya mwaka 1644. Orodha yenyewe ilikuwa na makosa pande zote mbili, imeingiza zisizostahili na kuacha zinazostahili. Nilipoisoma habari hiyo nilimpenda sana Mersenne. Naye alikuwa katibu.

Aliyemaliza ubishi ni Leonhard Euler, Mswisi aliyeishi St. Petersburg, Urusi. Jicho lake la kulia liliharibika mapema, la kushoto likaja kuingiwa na mtoto wa jicho, na mwaka 1772, habari hii ilipoandikwa ndani ya barua yake kwa mwanahisabati mwenzake Bernoulli, alikuwa haoni karibu kabisa. Mimi nina macho mawili na balbu, na jana nimerudisha chenji ya watu vibaya. Basi.

Tazama alivyofanya. Ukitaka kujua kama namba inagawanyika, huna haja ya kujaribu namba zote zilizo chini yake. Unaishia kwenye kipeuo chake cha pili, ambacho hapa ni 46,340 na ushee, na unajaribu namba tasa peke yake. Bado zimebaki zaidi ya 4,700. Kugawa namba ya tarakimu 10 mara zote hizo kwa kalamu ya manyoya ni adhabu, si utafiti. Euler akaonyesha kwamba kigawo chochote cha namba hii, kama kipo, lazima ukikigawa kwa 248 kibakishe ama 1 ama 63. Kisichobakisha hivyo hakina haja ya kuitwa kwenye usaili. Wasailiwa wakapungua hadi chini ya mia. Wakaitwa mmoja mmoja, wote wakafeli. Namba ikatangazwa tasa, na kwa zaidi ya miaka 70 hapakuwa na namba tasa kubwa kuliko hiyo iliyojulikana duniani.

Ikumbuke hiyo 248, nitairudia.

Wagiriki nao walikuwa na mchezo wao. Chukua 6: vigawo vyake mbali na yenyewe ni 1, 2 na 3, na ukivijumlisha unapata 6. Chukua 28: 1, 2, 4, 7 na 14, jumla 28. Namba kama hizo huitwa kamilifu, na ni adimu kuliko mwanachama anayelipa ada kabla ya kukumbushwa. Euclid aligundua kwamba kila namba tasa ya ukoo huu, ile unayoipata kwa kuzidisha mbili kwa mbili mara kadhaa na kutoa moja, inazaa namba kamilifu yake. Hii yetu ukiizidisha kwa yule abiria wa mwisho, 1,073,741,824, unapata 2305843008139952128, namba kamilifu ya nane. Tarakimu 19. Mpwa alizisoma zote kwa sauti mbele ya wajumbe. Mwenyekiti akauliza kama hizo ni namba za umeme za kuweka kwenye luku.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow akaandika kuhusu namba hiyo kamilifu kwamba hakuna kubwa zaidi itakayowahi kugunduliwa. Sababu yake inanifurahisha mpaka leo: namba hizi ni za kushangaza tu, hazina faida, kwa hiyo hapatatokea mtu wa kujisumbua. Barlow alikuwa mtu mwenye kazi zake, na akadhani binadamu wote wana kazi zao. Mwaka 1876 Mfaransa Lucas akaibuka na namba tasa ya tarakimu 39. Mwaka 1883 kasisi mmoja wa Urusi, Ivan Pervushin, akaonyesha nyingine iliyokaa katikati, ya tarakimu 19. Mwaka 2024 ikatangazwa ya tarakimu 41,024,320. Haina faida, na kuna mtu amejisumbua.

Tena hata hilo la kukosa faida halikusimama. Chukua namba nzima yoyote kuanzia 1, ilimradi ni ndogo kuliko hii yetu, izidishe kwa 16,807, gawa jibu kwa 2147483647, chukua baki. Lile baki nalo lizidishe kwa 16,807, gawa, chukua baki, endelea. Utazipita namba zote kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, kila moja mara moja, kwa mpangilio unaoonekana hauna mpangilio, ndipo urudi ulipoanzia. Mwaka 1988 wataalamu wawili, Park na Miller, waliipendekeza njia hiyo iwe kipimo cha chini kwa programu za kutoa namba za nasibu, na kompyuta nyingi zimeitumia. Mpwa alitaka kupanga zamu za upatu wetu kwa namna hiyo. Mama Mhazini akasema zamu zitaendelea kutoka kwenye kofia, maana kofia ameikagua.

Ninachowalaumu hawa waungwana wote ni jambo moja. Kila anayefika kwenye namba hii hugeuka nyuma na kuwaambia wenzake inatosha. Barlow alisema. Mafundi wa kompyuta wakasema baada yake. YouTube nao walikuwa na kihesabio cha watazamaji chenye viti hivyohivyo 32, mpaka wimbo "Gangnam Style" wa PSY wa Korea ya Kusini ukaja na kurukaruka kwake kama aliyepanda farasi, na Desemba 2014 wakatangaza kwamba hawakuwahi kudhani video moja ingetazamwa mara nyingi hivyo. Wakahamia kwenye viti 64, ambavyo mwisho wake ni 9,223,372,036,854,775,807. Hiyo ni kwa ajili ya mtu anayecheza farasi asiyekuwepo. Sisi wenye misiba ya kweli tumebaki na 32.

Ndege nayo isikie. Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani ilionya kuhusu Boeing 787: mitambo inayodhibiti jenereta zake ikiwashwa mfululizo siku 248, ingeweza kujizima yote kwa pamoja, hata ndege ikiwa angani. Ukihesabu muda kwa vipande vya mia moja ya sekunde na kuanza na sifuri, namba yetu inajaa baada ya siku 248 na nusu hivi. Tiba iliyoamriwa mwanzoni ilikuwa kuzima umeme wa ndege kila baada ya muda, kisha kuwasha. Miaka yote nimekuwa nikimdharau mpwa kwa "zima, halafu washa". Kumbe ndiyo fani yenyewe. Na ile 248 ya Euler na hii ya ndege hazina undugu wowote. Nimekesha nikiutafuta, sikuupata, na jambo hilo linaniudhi.

Halafu njoo kwenye fedha. Programu iliyoandikwa na mtu wa nchi yenye senti huweka fedha kwa senti, ili isisumbuke na nukta. Huko kwao, senti bilioni mbili ni utajiri. Kwetu, gawa kwa mia: shilingi 21,474,836 na senti 47. Hiyo ni hela ya gari dogo lililotumika. Maana yake kijana akiuza kiwanja cha urithi, kompyuta inaweza kuamini kwamba amefika mwisho wa fedha zote duniani, wakati yeye bado anadaiwa na dalali. Senti zenyewe mara ya mwisho kuziona mkononi sikumbuki, ila bado zinatubana.

Orodha ya simu imeshatengenezwa. Mpwa alibadilisha kitu kimoja: ameiambia kompyuta isizichukue simu kama namba, izichukue kama maandishi. Dakika chache. Nikamuuliza kwa nini hakufanya hivyo tangu mwanzo. Akaniambia, "Mjomba, shukuru si tarehe." Kijana akikwambia shukuru si kitu fulani, ujue kitu hicho kipo njiani.

Kompyuta nyingi, akasema, huhesabu saa kwa sekunde zilizopita tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa za Greenwich, ambapo kwetu ilikuwa saa 9 za usiku. Zile zenye viti 32 zitajaza namba yetu Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi, sekunde ya 7. Watu wakiwa vituoni. Sekunde inayofuata hakuna kiti, konda anachanganyikiwa, anatangaza hasi, na kwa kompyuta isiyorekebishwa inakuwa usiku wa Ijumaa, tarehe 13 Desemba 1901, saa 5 na dakika 45. Sikutaja 1901 kwa kutia chumvi, ndivyo hesabu inavyotoka. Reli ya kutoka Mombasa inafika Kisumu ndani ya mwezi huo. Huku kwetu anatawala Mjerumani, na kodi ya nyumba anaidai.

Mpwa alitaka tuchangie matengenezo mapema. Mimi nilikuwa naona kitu kingine. Ada yangu ya mwisho itakuwa imeandikwa Januari 2038, na kompyuta itakuwa inaamini leo ni 1901. Kwa hesabu hiyo nitakuwa nimelipa miaka 136 kabla. Hakuna mhazini hapa duniani anayeweza kumdai mtu wa namna hiyo. Nikaona kwa mara ya kwanza namba hii inaweza kuwa na utu, na nikapendekeza matengenezo yasubiri.

Mama Mhazini alinisikiliza mpaka mwisho. Akafungua daftari lake la jalada gumu, lile ambalo halijawahi kupelekwa kwa mpwa wala kwa fundi, akalamba kidole, akafunua ukurasa wangu.

"Sawa, Katibu. Na ukifa asubuhi hiyo tutakuzika kwa viwango vya mwaka 1901. Tutachanga rupia."

Nimelipa mpaka Desemba.